Mtoto Wako Anapokwenda Kupiga Kambi Ruma

    Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo uje usikilize. Na kama kuna kalamu karibu, ichukue, kwa sababu leo kuna mambo ya kuandika.

Siku moja mama mmoja alikuja kliniki ninakofanya kazi. Hakuwa mgonjwa, wala mtoto wake hakuwa mgonjwa siku hiyo. Alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa fomu ya shule. Darasa la kijana wake wa miaka kumi na mitatu lilipanga safari ya siku tatu: kupiga kambi na kutembea kwa miguu katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kule Bonde la Lambwe. Mama alikuwa amejaza kila mahali, isipokuwa mstari mmoja. Mstari huo uliuliza: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote?"

Kijana huyo ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita siko-seli. Mama akaniambia, "Sista, nikiandika, watamwacha nyumbani. Na nisipoandika, nitalala usingizi siku hizo tatu?"

Mpendwa msikilizaji, swali la mama huyo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Nitalijibu kabla hatujaagana. Lakini kwanza, hebu tuijue hiyo Ruma.

Mbuga ya Ruma iko Kaunti ya Homa Bay, upande huu wetu wa ziwa. Ilianza mwaka wa 1966 kama hifadhi ya wanyama ya Bonde la Lambwe, na mwaka wa 1983 ikafanywa mbuga ya kitaifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 120. Ndimo wanamoishi korongo, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, ambao hapa Kenya hawapatikani katika mbuga nyingine yoyote. Kuna twiga, nyati, faru, chui, fisi na nyoka wa aina nyingi. Upande mmoja kuna mteremko mkali wa Kanyamwa, na upande mwingine kuna vilima vya Gwassi. Mtoto anayekwenda huko huona kitu ambacho watalii husafiri mbali sana kukiona, na kiko karibu na nyumbani kwao. Kwa hiyo sisemi mtoto asiende. Nasema aende akiwa amejiandaa.

Kwa nini kujiandaa kwingi hivyo? Ni kwa sababu ya umbali. Ukiwa Nyalenda au Manyatta na mtoto akaanza kutapika usiku wa manane, unamwita jirani, mnatafuta bodaboda, na baada ya muda mfupi mko hospitali. Lambwe si hivyo. Kutoka Kisumu ni zaidi ya kilomita 100: unapita Ahero, Katito na Kendu Bay hadi Homa Bay, unashika barabara ya Mbita, kisha unaiacha lami unaingia bondeni. Udongo wa huko ni mweusi, wa kunata. Mvua ikinyesha, hata gari lenye nguvu hukwama. Mtandao wa simu huweza kupotea. Hospitali kubwa ziko Homa Bay mjini na Mbita, wala si mlangoni pa hema.

Maana yake ni nini, mama? Maana yake ni kwamba katika saa za kwanza za ugonjwa, zahanati ya mtoto wako ni vitu viwili tu: kile ulichoweka ndani ya begi lake, na kile ulichomwambia mwalimu wake. Mengine yote yatafika baadaye.

Haya, tuanze na maandalizi ya kabla ya safari.

Kwanza, uliza maswali. Wewe ni mzazi, una haki ya kuuliza, na mwalimu mzuri hatakasirika. Uliza: Mnakwenda mwezi gani? Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Likizo ya Agosti huwa afadhali kuliko ya Aprili. Uliza: Mtasafiri mchana? Safari ya usiku kwenye barabara zetu ni hatari kubwa kuliko nyati yeyote. Uliza: Gari litabaki na watoto usiku, au litawashusha na kurudi? Gari lazima libaki, likiwa na mafuta ya kutosha, kwa sababu hilo ndilo ambulensi yenu. Uliza: Mmezungumza na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS? Ada ya kuingia mbugani hulipwa kupitia eCitizen na si kwa pesa taslimu langoni, kwa hiyo mambo hayo hupangwa mapema. Na hapohapo nambari ya simu ya askari wa mbuga ichukuliwe na iandikwe kwenye karatasi, si ndani ya simu peke yake, maana betri huisha.

Uliza pia: Watoto watatembea wapi, na nani? Ndani ya mbuga yenye nyati na faru mtoto hatembei kwa miguu bila askari wa KWS mwenye silaha. Hilo halina mjadala. Na mwisho uliza: Wasichana watalala wapi, na mwalimu wa kike ni nani? Mtoto wa kike aende na sodo hata kama siku zake bado, kwa sababu safari na uchovu huweza kuzileta mapema. Mwambie mtoto wako, wa kike au wa kiume, kwamba hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumgusa vibaya wala kumwambia afiche siri. Mfundishe nambari 116. Ni simu ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Pili, mzoeze mtoto kutembea. Mtoto aliyekaa muhula mzima darasani hawezi kuamka siku moja akapanda mteremko wa Kanyamwa. Anza wiki tatu kabla. Jumamosi ya kwanza tembea naye hadi Dunga na kurudi. Jumamosi ya pili mfanye mwendo mrefu zaidi, au mkapande mawe ya Kit Mikayi kama mko upande wa Seme. Avae viatu vilevile atakavyokwenda navyo. Viatu vipya hutoa malengelenge, na patipati hazizuii mwiba wala nyoka. Ni afadhali raba nzee zilizoshonwa vizuri, pamoja na soksi. Katika matembezi hayo utayaona mengi: kama anakohoa akipanda, kama goti linamuuma, kama hunywa maji bila kukumbushwa.

Tatu, mzigo usiwe mzito. Mtoto wa kilo 30 asibebe mgongoni zaidi ya kilo tatu au nne anapotembea. Ndani ya mzigo huo maji ndiyo ya kwanza.

Naam, sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Nitayataja machache, yale tunayoyajua sana huku kwetu.

Malaria. Mama, wewe unajua kwamba ukanda wetu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi katika Kenya yote. Mtoto aende na chandarua chenye dawa, na mjaribu kukitundika ndani ya hema kabla ya safari. Kama hema lina wavu wa kufunga kwa zipu, zipu ifungwe kabla jua halijazama. Jioni avae shati la mikono mirefu, suruali ndefu na soksi. Kumbuka jambo hili moja, kwa sababu linawakosesha wengi: malaria haianzi siku ile ile mbu anapouma. Huchukua kama wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtoto akipata homa siku ya pili kambini, huenda aliondoka nayo nyumbani. Na akirudi salama, usiseme tumeponyoka. Endelea kumchunguza kwa mwezi mmoja. Homa yoyote, mpeleke apimwe kabla ya kumeza dawa. Chanjo ya malaria, ambayo hapa Kenya ilizinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, ni ya watoto wadogo, na hata wao bado wanahitaji chandarua.

Mbung'o. Bonde la Lambwe lina historia na inzi huyu. Zamani mbung'o waliwafukuza watu kutoka bondeni, wakaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Leo kuna habari njema. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna mgonjwa mpya aliyeripotiwa nchini. Lakini mbung'o wenyewe wangali mbugani, na wanauma kwa uchungu hata kupitia nguo nyepesi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na sweta ya shule ya mtoto wako ni ya rangi gani? Wengi mtanijibu: buluu. Basi sweta hiyo ibaki nyumbani. Mpe nguo nzito kidogo, za rangi ya kaki, kahawia hafifu au kijani kilichofifia. Na mafuta ya kufukuza mbu hayamsumbui sana mbung'o, kwa hiyo tegemea nguo. Gari likipita vichakani, madirisha yafungwe. Mtoto akiona kile kitambaa cha buluu na nyeusi kimetundikwa porini, asikiguse, kinafanya kazi. Na kama baada ya safari atatokea kidonda pale alipoumwa, pamoja na homa na kichwa kuuma, mwambie daktari: "Mtoto alikuwa Lambwe." Maneno hayo matatu yatamsaidia daktari kujua apime nini.

Kuhara. Katika kambi, mkono mmoja mchafu unaweza kulaza darasa zima. Maji ya mto yasinywewe hata kama ni meupe namna gani. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani katika mitungi safi yenye vifuniko, au yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Mtoto anayetembea juani anahitaji lita mbili hadi tatu kwa siku. Mwambie anywe kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Mkojo wake ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, maji hayatoshi.

Chakula cha kubeba kiwe kikavu: njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa kwa siku ya kwanza, mkate, biskuti, ndizi. Nyoyo na samaki wa kukaanga ni vitamu, lakini vikikaa ndani ya bakuli lililofungwa kwenye joto la gari tangu asubuhi, ikifika jioni ni sumu. Omena waliokaushwa vizuri wanaweza kubebwa wakapikwe hukohuko. Kila begi liwe na kipande cha sabuni.

Weka pia pakiti mbili za ORS. Soma pakiti, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Zikikosekana, mwalimu anaweza kuchanganya lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi ya hapo. Chumvi nyingi ni hatari. Mtoto akihara maji matupu, macho yakazama, akalegea, gari liwashwe kwenda hospitali huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Maji ya mito na ziwa. Njiani watoto wataomba kuoga ziwani. Kataa. Kichocho huingia kupitia ngozi, mtoto hahitaji kuyanywa maji. Na katika ufuo wetu kuna viboko na mamba, hilo sihitaji kulieleza kwa mtu wa hapa.

Nyoka. Usiku mtoto asitoke hemani bila tochi na viatu, na kabla ya kuvaa viatu asubuhi avikung'ute. Asiingize mkono chini ya jiwe wala ndani ya shimo. Moma hulala palepale njiani wala hakimbii, kwa hiyo macho yawe chini.

Mtu akiumwa na nyoka, kuna mambo ambayo wengi wetu tulifundishwa na wazee, nayo yanadhuru. Usifunge kamba. Usichanje kwa wembe. Usinyonye sumu. Usipoteze muda kwa jiwe jeusi. Usimfuate nyoka umuue. Fanya hivi: mtulize mtoto, mlaze, vua bangili, saa na viatu kwenye mguu au mkono ulioumwa kabla haujavimba, ufunge kijiti pembeni ili usitikisike, kisha mbebe hadi kwenye gari. Asitembee. Dawa ya sumu ya nyoka hutolewa hospitali, na kila dakika ina maana.

Radi. Upande wetu mvua za alasiri huja na radi kali. Mvua ikianza, watoto waingie ndani ya gari na madirisha yafungwe. Wasisimame chini ya mti, hata kama ndio mti pekee.

Sasa, mpendwa mama, tumefika kwenye ule mstari wa fomu. Nataka niseme na wewe ambaye mtoto wako ana ugonjwa wa kudumu. Selimundu. Pumu. Kifafa. Kisukari. Na wewe ambaye mtoto wako anameza ARV kila siku, na mnaijua wewe, yeye na kliniki peke yenu.

Naelewa kwa nini unasita kuandika. Umewahi kusikia watoto wenzake wakimwita majina. Umewahi kuona mwanao akiachwa nje ya mchezo. Unaogopa fomu itapita mikono mingi hadi ifike sokoni kabla yako. Hofu hiyo si ya kipumbavu, na mimi kama muuguzi siwezi kukudharau kwa sababu yake.

Lakini hebu nikueleze kinachotokea usipoandika. Mtoto wa selimundu hupatwa na maumivu makali akikosa maji, akichoka kupita kiasi, akipigwa na baridi au akiwa na maambukizi. Tazama sasa safari ya kambi ilivyo: jua kali, kupanda vilima, usiku wa baridi chini ya hema, mbu. Vichochezi vyote vinne vimo katika siku moja. Saa nane za usiku anaanza kulia mguu unauma. Mwalimu asiyejua atasema, "Umetembea sana, lala, kesho utapona." Anamwambia hivyo kwa upendo. Lakini saa hizo zinazopotea ndizo za hatari.

Mtoto wa ARV naye, akiwa hana mtu mzima anayejua, atafanya nini saa yake ya dawa ikifika na wenzake tisa wamo hemani? Ataruka dozi. Siku tatu, dozi zote zimerukwa. Hakuna aliyemkataza. Amekosa tu mahali pa kumezea.

Na niseme langu pia, nisije nikaonekana sijawahi kukosea. Binti yangu ana pumu. Safari yake ya kwanza nilimfungia pampu yake vizuri kabisa, chini kabisa ya begi, ndani ya mfuko. Begi likafungwa juu ya paa la basi. Vumbi lilipombana kifua njiani, ilibidi basi zima lisimame na mizigo yote ishushwe. Nilikuwa nimeweka dawa, lakini nilikuwa sijamwambia mtu iko wapi. Tangu siku hiyo dawa ya dharura hukaa mfukoni mwa mtoto, na nyingine kwa mwalimu.

Basi, ushauri wangu ni huu. Huna haja ya kuliambia darasa. Huna haja hata ya kuiandika kwenye fomu itakayopitishwa mkono kwa mkono, kama unaogopa. Lakini chagua mtu mzima mmoja kati ya wale watakaolala kambini, mtu wa kuaminika, nenda ukaonane naye ana kwa ana, na umwambie. Mwambie mtoto pia kwamba umemwambia mtu huyo, ili ajue pa kukimbilia. Na kama mtoto ni mkubwa, muulize kwanza yeye angependa nani ajue. Siri ya mtoto unaweza kuilinda bila kuyahatarisha maisha yake.

Mpe mtu huyo karatasi moja. Iandike hivi. Mstari wa kwanza: jina la mtoto na ugonjwa wake. Wa pili: dawa zake, kipimo na saa. Wa tatu: dalili ambazo zikionekana asingoje asubuhi. Wa nne: nambari zako mbili za simu, nambari ya kliniki, na maelezo ya bima ya afya ya SHA. Basi. Mistari minne tu.

Kwa mtoto wa selimundu, ule mstari wa tatu uandike: homa, maumivu yasiyotulia kwa dawa, kifua kuuma au kupumua kwa shida, weupe usio wa kawaida viganjani na machoni, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hata dalili moja tu, ni hospitali. Aendelee na dawa zake za kila siku, pamoja na ile ya kuzuia malaria kama kliniki imempa. Awe na sweta mbili na blanketi zito, asioge maji baridi, na wapangaji wakubali apumzike au apande gari wenzake wanapopanda mlima. Na kabla ya yote, mpeleke kliniki wiki mbili kabla ya safari. Daktari akisema safari hii hapana, basi ni hapana, utampeleka Kisumu Impala Sanctuary hapa mjini kwa siku moja, jioni alale kitandani kwake. Kwa dawa za ARV au za kifafa, iombe kliniki ikuelekeze jinsi ya kuzifunga zisilowe, na uongeze za siku mbili zaidi, maana gari likikwama kwenye tope la Lambwe, saa ya dawa haitangoja.

Na yule mama wa fomu? Tulimpima kijana, alikuwa na hali nzuri. Mama akaenda shuleni mwenyewe, akazungumza na mwalimu wa sayansi aliyekuwa akienda kambini. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ahsante. Mwaka jana kulikuwa na mtoto aliyeugua kambini, na hadi leo sijui alikuwa na nini."

Kijana alienda. Siku ya pili, wenzake walipopanda kilima, yeye alipanda nusu, kisha akamaliza kwa gari pamoja na askari. Usiku huo mguu ulianza kumuuma. Mwalimu hakumwambia alale. Alimpa maji vikombe viwili, akamfunika blanketi la pili, akampa dawa ya maumivu iliyoandikwa kwenye karatasi, akakaa naye, na akamwamsha dereva ageuze gari lielekee barabarani ikiwa maumivu hayatapungua. Yalipungua. Asubuhi kijana akawaona korongo wawili wakivuka nyasi, na mama ananiambia hata leo hamalizi kuwasimulia.

Huenda yasingepungua. Hilo pia nalisema wazi, kwa sababu selimundu haina ahadi. Lakini gari lilikuwa tayari, na mtu aliyekuwa macho alijua anangoja nini.

Kabla hatujaagana, tukumbushane. Uliza maswali kabla ya kulipa pesa. Mzoeze mtoto kutembea, na viatu viwe vya zamani. Sweta ya buluu ibaki nyumbani. Maji salama, sabuni na ORS ndani ya begi. Aliyeumwa na nyoka afungwe kijiti, si kamba. Dawa ya dharura ikae mfukoni mwa mtoto. Mchunguze mtoto mwezi mzima baada ya kurudi. Na mtu mzima mmoja ajue ukweli wote.

  Moto sasa unaweza kuuongeza. Tukijaliwa, tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, katika kijiji au mtaa wenu, ni magonjwa gani ya watoto ambayo wazazi huogopa kuyataja shuleni? Kwa nini?

2. Kama ungekuwa mwalimu wa kambi, ungependa mzazi akueleze nini, na kwa njia gani?

3. Jaribuni kila mmoja kuandika ile karatasi ya mistari minne kwa ajili ya mtoto wake. Ni mstari gani umekuwa mgumu kuujaza?

4. Kutoka mahali mnapoishi, hospitali iliyo karibu ni ipi, na usiku mngefikaje?